Jenereta Iliyozimwa Mangapwani

Mjukuu wangu Said,

Barua yako imenifikia, na salamu za mkeo Asha nimezipokea kwa furaha. Hapa Michenzani sote wazima. Mama yako kikohozi kimemwacha.

Umeniuliza ununue jenereta gani ya kwenda nayo porini na trela lenu la kulalia. Ngoja nikuhadithie.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa zahanati ya kutembea. Nilipoambiwa nichague jenereta ya friji la dawa, nilichukua kubwa kuliko zote, nikajiona bingwa. Tukapiga mahema Mangapwani. Asubuhi akaja mama mjamzito analia: tangu jana mtoto hajacheza tumboni. Mkunga wetu, Bi Zuhura, akamlaza hemani amsikilize. Mara nikamsikia akipiga kelele, "Fundi, zima dude lako! Sisikii moyo wa mtoto!"

Nikazima. Nikasimama nyuma ya turubai, nnamwomba Mungu.

"Yupo," Bi Zuhura akasema taratibu. "Yupo, mwanangu. Moyo wake unakwenda vizuri."

Mama yule akalia upya, na mimi nikalia huko nje. Tuliporudi mjini nikaomba jenereta ndogo.

Basi, angalieni kwanza mtawasha vitu gani, msizidishe. Iwekeni mbali na mnapolala, moshi wake unaua. Na dukani, mwambie muuzaji aiwashe, kisha mwite Asha kwa sauti yako ya kila siku. Akikuitikia "abee", ichukue.

Babu yako akupendaye,
Haji