Meneja Wangu Asema Ni Utani

Bi Mwanajuma, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nimeishiwa watu wa kuwauliza, na tarehe ishirini na nane inakuja.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, Mnyamwezi wa Nzega niliyeolewa Tabora mjini, na huu ni mwaka wa tisa nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha kufungasha asali, asali inaletwa kwa madumu kutoka Sikonge, sisi wanawake tunachuja, tunajaza chupa na kubandika lebo, kazi yenyewe sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni meneja aliyekuja miaka mitatu iliyopita, naye ni Mzaramo, na unajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, basi siku ya kwanza aliposikia kwetu ni wapi akasema, "Kumbe mpagazi wangu nimemkuta huku," tukacheka wote. Mama yangu alipofariki alikuja mpaka kijijini, akajifunga khanga ya marehemu, akaigiza kikohozi chake na jinsi alivyokuwa akigombeza kuku, watu walicheka huku wanalia, na sitasema uongo, siku ile alinifariji kuliko padri.

Lakini utani ule ukahamia kazini na haukuisha. Toroli la kubebea madumu liliharibika gurudumu akakataa litengenezwe, akasema babu zetu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo bila toroli, kwa hiyo Mnyamwezi abebe kichwani, na dumu ni la lita ishirini na asali ni nzito kuliko maji, nikisimama kupumua ananipigia makofi mbele ya wenzangu, "Mpagazi, mzigo haujafika pwani." Shingo inaniuma, presha imepanda, nikiliona geti asubuhi napunguza mwendo. Nilimweleza baba yangu mkubwa, akaniambia, "Mtani hanuniwi wala hashtakiwi, mwanangu. Ukimnunia umevunja mila." Nikaendelea kubeba. Siku moja tu nilijaribu kumjibu, nikasema Wazaramo tangu tuwajue sisi tunabeba wao wanacheza ngoma, wenzangu wakacheka, yeye akaingia ofisini akarudi na barua ya onyo, utovu wa nidhamu.

Sasa nifike kwenye linaloniua. Mwaka jana aliajiriwa binti nitakayemwita Koleta, anatoka Ulyankulu, babu zake walikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye mwenyewe amezaliwa hapa. Meneja akawa anamwita Mkimbizi. Chakula cha mchana, akasema, wakimbizi watakula mwisho. Koleta alikuja kwangu analia, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Vumilia, ni utani tu, hata mimi ananiita mpagazi." Mwezi wa tatu mwaka huu aliomba asibebe madumu kwa kuwa ni mjamzito. Meneja akajibu wakimbizi huzaa njiani na safari inaendelea, wengine wakacheka na mimi nikacheka, kisha akaniambia nimtwike, nikainua dumu nikamtwika mimi mwenyewe, nikamwekea na kata kichwani vizuri lisimuumize. Alibeba manne. Usiku ule mimba iliharibika.

Koleta amepeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi, na shauri linasikilizwa tarehe ishirini na nane. Meneja ameniandikia karatasi nisaini, inasema Koleta alibeba kwa hiari yake na maneno yalikuwa utani wa kawaida wa makabila. Nisiposaini nijihesabu sina kazi. Mume wangu anasema nisaini, maana tumbaku yake imepigwa na mvua ya mawe na mimi ndiye ninayelisha nyumba. Mimi nafikiri niandike barua ya kuacha kazi, nijiondokee kimya, nisisaini wala nisishuhudie. Kuna asubuhi natamani nisingeamka. Nifanye nini?

A., Tabora

*

Marahaba, mtani wangu. Mimi pia ni Mzaramo, wa Maneromango, kwa hiyo ninayo haki ya kukwambia kwamba barua yako ni ndefu kuliko njia ya Ujiji na ulipaswa kupumzika Igunga. Umeona? Sasa nijibu na wewe, unitukane unavyotaka, na hakuna barua ya onyo itakayokufikia. Hivyo ndivyo utani ulivyo. Aliyekupa onyo kwa sababu ulimrudishia neno moja alikuwa ameshakwambia yeye ni nani, na wewe ulibaki unamlindia mila ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Msibani alikuja kama mtani, hilo simnyimi. Lakini utani wetu ulizaliwa njiani, wazee wako wakipita kwa wazee wangu, mmoja akifa mwingine anamzika. Mtani anakuzika ukifa, hakuui ukiwa hai. Baba yako mkubwa mpe heshima yake, ila hajawahi kubeba dumu kwa amri ya mtu anayeweza kumfukuza kazi. Na huyo binti wa Ulyankulu ana utani gani na Mzaramo? Hana. Ulilijua hilo tangu siku ya kwanza alipokuja kwako analia.

Nakuonea huruma, lakini sitakufichia. Uliogopa, ukacheka, ukamtwika. Hakuna ninachoweza kuandika kikaifuta siku ile.

Ile sentensi ya kutoamka nimeisoma mara nne. Leo hii, kabla ya lolote, mwambie mumeo maneno hayo hayo uliyoniambia mimi, na kesho akupeleke hospitali. Eleza presha, eleza shingo, na hilo la asubuhi usilifiche. Usikubali kulala nalo peke yako.

Karatasi usisaini. Barua ya kuacha kazi usiandike pia, maana ukiandika umemrahisishia. Akitaka kukufukuza afukuze kwa mkono wake na kwa maandishi, na ukiipata barua hiyo usikae nayo nyumbani, ipeleke Tume upesi. Ile barua ya onyo itunze. Kazi hiyo imeshakwisha, mama, hata wakikuacha ubaki, kwa hiyo anza leo kuuliza kwingine, na mumeo naye atafute kibarua badala ya kukuhesabia mshahara. Mtakula kwa shida. Sitakudanganya kwamba mlango mwingine unakungoja wazi, maana siujui.

Tarehe ishirini na nane nenda ukakae upande wa Koleta. Usianze kulia, usimwombe msamaha mbele za watu akalazimika kukujibu. Sema meneja alisema nini, akina nani walicheka, na kwamba aliyeinua dumu ni wewe. Huenda Koleta asikuangalie hata mara moja. Sema hivyo hivyo, sauti isikike, kisha utoke bila kungoja akusamehe.