Kamera Tuliyoichagua kwa Sikio

Baba Rehema wangu,

Juzi alikuja studio mwalimu mmoja wa kike, mgeni hapa Kibiti, katokea Njombe. Amejiwekea akiba yake kidogo kidogo na sasa anataka kamera ya dijitali, zile za kubadilisha lenzi. Akaniambia, "Mama, nielekeze ninunue ipi. Uwezo wangu mdogo, sitaki kuja kujuta." Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuona wewe, umesimama ndani ya lile duka la Kariakoo, kichwa umekiinamisha kama mtu anayesikiliza redio inayokwaruza. Nikamwambia arudi baada ya alasiri. Jibu lenyewe ni refu, na nilitaka kwanza nilipitie na wewe moyoni.

Lilianza na Bi Hadija wa Mbwera. Ulikuwa umempigia picha harusi ya binti yake, ukapeleka mikanda Dar kusafishwa kama kawaida yako, picha zikamfikia. Baada ya muda mwenyewe akatokea mlangoni kwetu. Kapanda boti mpaka Nyamisati, kapanda gari mpaka Kibiti, picha kazifunga ndani ya upindo wa kanga. Hakuja kwa ugomvi. Alizitandaza mezani moja moja, kwa adabu, akauliza, "Mwanangu, hebu niambie. Mbona ukuta wa nyumba yangu unaonekana vizuri kuliko bibi harusi?"

Ulicheka. Mimi nilikutazama, sikuona kicheko machoni. Kila picha ilikuwa hivyohivyo: uso wa binti una ukungu, na nyuma yake ukuta wa udongo unaonekana mpaka nyufa zake. Ukamrudishia Bi Hadija fedha yake yote, ukaingia chumba cha nyuma, ukakaa juu ya kile kiti cha wateja wa pasipoti.

Nilikufuata. Unakumbuka ulivyoniambia? "Hawakutani tena, Mama Rehema. Watu wangu hawakutani."

Nilielewa mara moja, maana ulinifundisha mwenyewe tulipooana. Kamera yako ya mkanda ilikuwa ya kulenga kwa mkono. Katikati ya kioo cha kuchungulia mna kiduara, na ndani ya kiduara uso wa mtu umekatwa vipande viwili. Unazungusha lenzi taratibu mpaka vipande vikutane, pua ikae sawa juu ya mdomo wake, ndipo unabonyeza. Ulikuwa umekaa miezi mingi unabonyeza kwa kukisia. Hukuniambia kwa sababu ulidhani utanitia hofu, na kumbe mimi nilikuwa naona unavyopapasa kikombe cha chai nikadhani ni uchovu.

Daktari wa macho kule Dar hakutuficha. Alisema ni sukari, imeshakula nyuma ya jicho. Kilichoharibika hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa ukishika dawa na chakula. Tulipotoka nje ulinunua maji, ukanywa, ukasema utafunga studio na kurudi kwenu milimani Kipatimu ukalime ufuta.

Nikakuuliza, "Ufuta unapaliliwa kwa macho gani?"

Ukacheka, safari hii kicheko chenyewe, pale pale barabarani, mpaka watu wakageuka.

Mimi nilishaona kwenye harusi moja Ikwiriri mpiga picha kutoka Dar akipiga na kamera inayojilenga yenyewe. Anaelekeza tu, anabonyeza nusu, inalenga. Nilipokwambia ulikunja uso. Ulisema hizo ni kamera za wavivu. Lakini korosho zilipouzwa msimu ule, na mimi nilipoiuza ile cherehani yangu ya pili iliyokuwa imelala bure, hukusema tena habari za wavivu. Uliniambia niwahi gari la asubuhi, na nivae viatu vya kutembelea.

Miaka ile Kariakoo kila kitu kilikuwa kinaingia. Simu, majenereta, video, na kamera zilizokwisha kutumika huko Japani na Ulaya, zimepangwa kwenye kabati la kioo kama sahani za kabatini. Yule muuzaji tuliyemwita Ami, mnene, sauti ya upole, alituwekea mbele kamera mpya ya dijitali inayong'aa, isiyotumia mkanda. Nyepesi, ndogo, kioo cha nyuma cha kutazamia picha kikubwa. Nilipoiona tu niliitaka. Nilijiona nimeibeba Kibiti.

Ami akasema ile lenzi inayouzwa nayo siyo mbaya, lakini gizani haijiwezi, na ukitaka kupiga ndani ya nyumba bila taa, bora lenzi ya hamsini, yaani milimita hamsini. Akaitoa. Kadude kadogo, kepesi, hakavuti karibu wala hakasogezi mbali, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote kabatini. Akatuambia inaingiza mwanga mwingi kwa sababu tundu lake linafunguka sana. Wewe ulikuwa unaijua habari hiyo tangu enzi za mkanda. Ukatikisa kichwa kukubali, ukaifunga kwenye kamera, ukaiweka jichoni, ukabonyeza nusu ili ilenge.

Kimya.

Ukabonyeza tena. Lenzi haikusogea. Mimi nilidhani betri imekwisha. Wewe ukaitoa jichoni ukaishusha usawa wa sikio, ukabonyeza mara nyingine, ukamwambia Ami bila ukali, "Ndugu yangu, hii haifanyi kazi ninayoitaka."

Ami alikuwa muungwana. Alitazama jinsi ulivyoishika, akatazama miwani yako, akaelewa. "Kweli. Hii kamera haina mota ya kusogeza lenzi ndani yake, na lenzi hii nayo haina. Lazima mojawapo iwe na mota, la sivyo utalenga kwa mkono. Zipo lenzi zenye mota zao, lakini hizo..." Akataja bei, tukatazamana.

Hapo ndipo tungeweza kupotea, Baba Rehema. Tungebeba ile inayong'aa, tungefika nyumbani na kitu kizuri kisichokufaa hata chembe. Nilipokuwa bado nasikitika, Ami aliinama chini ya kabati akatoa nyingine. Nzito, imechakaa pembeni, mpira wa kushikia umeanza kubanduka, kioo cha nyuma kidogo kama stempu. Picha zake hazina ukubwa wa zile za kamera mpya. "Hii ilikuwa ya mtu wa magazeti," akasema. "Ya zamani, lakini mota imo ndani."

Ukaifunga ile lenzi ya hamsini. Ukaniambia nisimame penye mwanga, karibu na mlango. Ukabonyeza nusu.

Krrr. Halafu mlio mdogo, kama kifaranga.

Ukaniambia nisogee mbele. Krrr, pii. Nirudi nyuma. Krrr, pii. Ukainamisha kichwa, ukawa unasikiliza, na uso wako nikauona unafunguka. Pembeni ya tundu la kuchungulia palikuwa na kigurudumu kidogo cha kurekebisha kioo kifuate jicho la mtu. Ukakizungusha mpaka mwisho wake. Ukasema, "Nakuona kidogo. Lakini hata nisipokuona, yenyewe inaniambia."

Ami alitaka tuchukue na lenzi ndefu, ya kuvuta vilivyo mbali. Najua ulivyoitamani, kwa viboko wa mtoni na wale ndege wekundu wa kwenye matope. Uliishika, ukaipima uzito, ukairudisha mwenyewe. Ukasema wateja wetu ni watu, siyo viboko. Kwa fedha iliyobaki tulichukua betri ya pili na kadi ya pili, maana ukiishiwa umeme Mbwera hakuna wa kumlilia. Ile kamera mpya niliitazama mara moja tu tulipokuwa tunatoka. Uliniambia, "Usihuzunike. Uzuri wake ungekuwa wa kwako peke yako."

Tulianza kujifunza upya kama watoto. Tuligundua kwamba hamsini kwenye kamera hii inabana picha kuliko ulivyozoea kwenye mkanda, kwa hiyo kila mara ulilazimika kurudi nyuma. Kule Salale ulirudi nyuma, ukarudi nyuma, mimi nimegeuka nawapanga watu wa harusi, nikasikia wanapiga kelele. Kugeuka, umezama kwenye tope la mkoko mpaka kiunoni, kamera umeinua juu kwa mikono miwili, unaniita, "Chukua hii kwanza! Mimi nitakuja!" Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyekuvuta, na kanzu yake nyeupe ikaishia kwenye tope. Picha nzuri kuliko zote za siku ile ni yeye na ile kanzu.

Na tulirudi kwa Bi Hadija. Ulisema deni la fedha limekwisha lakini la picha bado. Binti yake alikuwa amejifungua, akavaa tena nguo zake za harusi, mtoto mgongoni mwa bibi yake. Ulimweka mbele ya ukuta uleule. Krrr, pii. Uliifungua lenzi mpaka mwisho wake, ukalenga macho. Nilipompelekea Bi Hadija picha, aliishika kwa muda mrefu. Uso wa binti ulikuwa safi, kila unywele, na nyuma yake ukungu mtupu. Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akasema, "Sasa ukuta wangu mmeupeleka wapi?"

Tulipata miaka mizuri baada ya hapo. Siwezi kusema ilikuwa myepesi. Sukari haikulala. Ulianza kuniuliza rangi za nguo za watu, kisha ukawa unaniuliza kama wametabasamu. Jioni nilikaa na wewe barazani nikiisoma picha moja moja kwenye kile kioo kidogo. Nilikwambia, huyu kafumba macho, huyu katazama pembeni, huyu mama kamshika mwanawe shingo kama anamwogopesha. Nawe ukasema iache hiyo, hiyo ndiyo yenyewe.

Siku uliyonikabidhi kamera hukutoa hotuba. Tulikuwa kwenye maulidi, watu wamejaa, jua kali. Ulibonyeza nusu ukasikia mlio, lakini hukujua kamera imemlenga nani. Ukauvua mkanda shingoni mwako ukanivika mimi. Ukaniambia, "Mimi nitaongea nao. Wewe piga." Na kweli uliongea. Ulitania wazee, uliuliza akina mama habari za mpunga, na wakati wameinua nyuso kukucheka, mimi nikapiga. Sijawahi kupata nyuso kama zile tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tangu mwanzo nusu ya kazi yako ilikuwa mdomoni mwako.

Ulipoondoka, Mwenyezi Mungu akurehemu, nilifunga mlango wa studio. Watu walikuja kwa heshima wakagonga, wakaenda zao. Rehema alinipigia simu kutoka Mtwara, akaniuliza kama betri nazichaji, kwa sababu zikikaa bure zinakufa. Hakusema kingine. Nikaenda kwa jirani mwenye jenereta nikazichaji. Na betri ikijaa, mtu unafanya nini nayo?

Yule mwalimu alirudi kama nilivyomwambia. Nilimwambia hivi: usianze na kamera, anza na kile unachokosa wewe. Nunua kamera iliyotumika ukiweza, uipime papo hapo na lenzi utakayoondoka nayo, usikubali kuambiwa itafanya kazi nyumbani. Nunua lenzi moja ndogo yenye tundu pana, uitumie mpaka uichoke. Weka fedha ya betri ya pili. Lenzi ndefu ngoja nayo. Akaniuliza, "Na kioo cha nyuma, kikubwa ni bora?" Nikamwambia kioo cha nyuma kinakuonyesha tu picha uliyokwisha kupiga. Aliandika yote. Nilitamani ungekuwepo umtanie kidogo, maana alikuwa makini mno.

Nina upweke, sitakuficha. Kuna siku nageuka kukuuliza kama tusogee kivulini, na mdomo unabaki wazi. Lakini siogopi tena kama mwanzo. Mkono wangu umeijua kazi. Hasira niliyokuwa nayo juu ya macho yako, juu ya sukari, juu ya kila mtu aliyeona vizuri na asijue thamani yake, imepungua. Nimebaki na shukrani, na inauma kwa namna yake.

Asubuhi ya leo nilikwenda Kiongoroni. Walinialika kupiga picha za wanafunzi wanaomaliza shule. Boti ilitikisika, nilitapika, nikafika nimelowa, begi la kamera nimelikumbatia ndani ya mfuko wa nailoni. Mzee mmoja aliyekuja kutupokea alinipa mkono nishuke, akanisalimia vizuri, kisha akatazama nyuma yangu ndani ya boti, akamtazama nahodha, akatazama mizigo. Akaniuliza, "Mama, na mpiga picha yuko wapi?"

Siku zote nimekuwa nikijibu kwamba mume wangu ndiye aliyekuwa mpiga picha, mimi namalizia kazi zake. Leo sikusema hivyo. Nilifungua begi, nikaivaa kamera shingoni mbele yake.

Nikamwambia, "Ndiye mimi, baba. Watoto wako wapi?"

Pumzika kwa amani, mwenzangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Rehema
Kibiti