Jina Nililolinyamazia Barazani

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua. Nimesalimia wote. Simiyu, kijana wangu, hajambo, ananung'unika tu, trekta ya watu anayoendesha imeharibika na leo haendi Moiben kulima. Nekesa, dada yake, hajambo, anatafuta soksi ya shule. Shemeji Wafula, ndugu ya marehemu mume wangu, nimempelekea chai. Hana mke, anakula kwangu. Ameitikia salamu akiwa amenipa mgongo. Sawa.

Mchana baraza, kando ya lami. Wanaweka jiwe la ukumbusho la wazee waliopasua mawe ya hii barabara kwa nyundo, enzi ya mzungu. Kila boma litaje mzee wake. Baba mkwe alikuwa mmoja wao. Kidole chake kimoja kilibaki huko kwa kokoto.

Zamu yangu ikafika. Nikanyamaza. Kwetu mke hataji jina la baba ya bwana yake, hata akiwa amezikwa. Nikasema muulizeni shemeji. Shemeji hakuwa amekuja, na Simiyu alikuwa kwa hiyo trekta. Mzee Kirwa, mwenyekiti, akasema, "Mama, kama hakuna jina, hakuna mtu. Anayefuata!"

Wakacheka. Nimewachukia wote, mmoja mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Jiwe limesimamishwa. Majina ya maboma yote yamechongwa. Letu hakuna.

Kwa maji kina mama walikuwa wananingoja. "Mama Simiyu, kumbe nyinyi mlikuja juzi? Mnafungasha lini tuwasaidie kubeba?" Kicheko. Mimi nimezaa hapa, nimezika bwana hapa. Maneno kama hayo, ule mwaka wa kufukuza watu, yalishawahi kutulaza kanisani na watoto, tukisikia nyumba zikiungua. Nimerudi na mtungi nusu.

Alhamisi, 6 Machi

Simiyu ameenda mwenyewe kwa Mzee Kirwa na jina la babu yake. Amefukuzwa. Shemeji naye akaenda. Naye akafukuzwa. Eti mdomo ulionyamaza mbele ya watu ndio useme, mbele ya watu hao hao. Huyo mzee ana roho mbaya. Anajua mila yetu vizuri kabisa. Tumekuwa majirani tangu niolewe.

Simiyu amekula akiwa amesimama. "Nyundo ya babu si iko? Nitalipasua hilo jiwe lao kama vile alipasua mengine."

Nimeificha kwa stoo, chini ya nyasi ya ng'ombe. Watamuua. Akigusa tu hilo jiwe, watamuua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia shemeji nitasema.

"Thubutu," akasema. "Ukitaja jina la baba, sili kwako tena. Utakuwa umemvua nguo barabarani."

Nikamuuliza, na wakiua huyu mtoto?

"Si ni wako? Ungemfunza adabu."

Namchukia. Naandika hivyo na sifuti. Lakini jioni nimempelekea ugali, na ameula wote.

Jumapili, 9 Machi

Simiyu hakuja kanisani. Nikajua. Nimekimbia stoo, nyasi imetupwa huku na huku, nyundo hakuna.

Nimemkuta kwa jiwe, shati ametoa. Vijana wamemzunguka, wameokota mawe. "Piga basi, mtu wa kuja! Piga tuone!" Wengine wanatoka tu kanisani, Biblia kwapani, wamesimama wanaangalia. Mzee Kirwa pia.

Nimepita katikati yao. Nikakamata kichwa cha nyundo mkononi mwa Simiyu. Nikasema jina. Kwa nguvu. Jina lote, na la baba yake juu yake. Mdomo ukakauka kama nimelamba majivu.

Mmoja akacheka, halafu hakucheka tena. Mama Chebet, mmoja wa wale walionicheka kwa maji, akajifunika uso na leso. Na yeye ni mke wa mtu. Mzee Kirwa akavua kofia, hakuniangalia. "Fundi achonge."

Simiyu ameacha nyundo kwa mkono wangu akaenda kwa miguu upande wa Moiben. Hakugeuka. Sijui amenionea haya ama amejionea mwenyewe.

Limesemwa mara moja. Hapa sitaliandika.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kidogo. Ng'ombe ametoa maziwa vizuri.

Fundi amemaliza. Kwa maji leo hakuna aliyeniambia kitu. Wamenipisha tu.

Chakula cha shemeji kinarudi vile kilivyoenda, kimefunikwa, kimepoa. Leo ni siku ya tatu. Nitaendelea kupeleka. Nikitoka dukani nimemwona kwa jiwe, peke yake, anapangusa vumbi ya patasi kwa mkono wa koti, herufi moja moja. Aliponiona akaenda zake.

Simiyu hajapiga. Nekesa amenisaidia kuandika kwa simu: Jina la babu liko. Mimi ni mzima. Hasira iache huko Moiben, uje nyumbani. Nijibu haraka, hata kama ni neno moja.