Watu Arobaini na Mmoja Uwanjani

Ohio, 14 Agosti 1952

Kaka Vernon,

Sisi wazima. Mahindi yamekubali, na Mama bado anagombana na meno yake ya bandia.

Jumamosi mume wangu Lester alirusha mpira raundi zote tisa, na hakuna mpinzani aliyeupiga sawasawa hata mara moja. Timu yetu ya besiboli haijawahi kuona jambo kama hilo. Tulioshuhudia tulikuwa watu arobaini na mmoja. Nikakimbia kumwambia Baba, aliyekataa kuja akisema mgongo unamuuma. Nikamkuta baa na nusu ya mji, wamekodolea macho televisheni, wakitazama timu za New York.

“Baba, wameshindwa kuupiga mpira wa Lester mchezo mzima!”

“Sogea basi, mwanangu, unatuziba.”

Nikasogea, nikatoka nje.

Jumatatu mwenye timu akaivunja, maana hakuna anayenunua tiketi tena. Lester sasa anapakia matofali. Jana Baba, soseji mdomoni, akaniuliza mechi ya Jumapili itaanza saa ngapi. Nikamwambia hakuna timu tena. Akapiga meza ngumi.

“Washenzi! Nani kaiua?”

Nilishindwa kumalizia chakula.

Kaka, ile televisheni uliyomwahidi Baba, tafadhali usiilete.

Mdogo wako,
Thelma