Sisimizi wa Baba

Cheyo, Tabora
26 Novemba 2023

Dada Manal,

Asalaam alaykum. Shikamoo. Huko Muscat hamjambo? Watoto wamepona mafua? Sisi tunasukuma siku. Naandika kwa mkono na kukutumia picha ya barua, kwa kuwa tukipigiana simu tunaishia kugombana.

Baba yuko vilevile tangu kiharusi: mkono wa kulia umelala, maneno matatu kwa siku. Ila mwezi uliopita sisimizi walipanda kitandani kufuata makombo ya mkate, akawafuata kwa kidole cha kushoto mpaka ukutani. Nilisimama na beseni mkononi nikimtazama. Miezi minane hakuwa ameangalia kitu hivyo.

Basi nimeanza kuwafuga. Mvua ya kwanza iliponyesha niliokota malkia wa sisimizi uani, nikamtia kwenye chupa ya jemu yenye udongo. Nikazidisha maji, udongo ukaota ukungu, akafa. Wa pili nimemweka kwenye kichupa cha dawa chenye pamba iliyoloa, ndani ya droo ili apate giza. Amejivua mbawa, ametaga. Baba akisema "droo," naifungua.

Mdogo wako,
Ibtisam


Muscat
3 Disemba 2023

Ibtisam,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Watoto wazima, alhamdulillah.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Daktari alisema mkono unyooshwe mara tatu kwa siku, wewe unafuga wadudu? Majirani wakiingia waseme nini, kwamba mabinti wa Muadh wamemwachia baba yao sisimizi? Kama umechoka, sema. Usijifiche nyuma ya kichupa.

Dada yako,
Manal


Cheyo
14 Januari 2024

Dada,

Asalaam alaykum. Shikamoo. Natumai mko salama.

Ulisema niseme. Nimechoka.

Mayai ya kwanza malkia aliyala mwenyewe, maana tulikuwa tunamfungulia droo kila saa. Alipotaga tena nikamwambia Baba, "Sasa tumwache, tusimsumbue." Akakubali kwa kichwa. Alhamisi, baada ya adhuhuri, nilikaa kitini kusubiri uji upoe, usingizi ukanichukua. Nilipoamka Baba alikuwa sakafuni chini ya droo, shavu limechubuka, nguo zimeloa.

"Nimekuita," akasema.

Aliniita, dada, nami sikusikia.

Kwenye kichupa walikuwa wametoka watoto wanne. Nilimwonyesha huku nikimpaka dawa. Sikuwa na furaha yoyote.

Sitaki utume kitu. Njoo.

Mdogo wako,
Ibtisam


Cheyo
9 Machi 2024

Kwa Ibtisam, nyumbani kwa Mama Mdogo Najiat, Nzega

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Mama Mdogo ananiambia unalala mpaka adhuhuri, na ukiamka unauliza kama Baba amekunywa uji. Amekunywa.

Najua ulikasirika kwamba sikujibu barua yako, kisha nikatokea mlangoni na begi baada ya wiki sita. Kila nilichoandika kilikuwa kisingizio, nikakichana.

Nataka ulisikie hili kwangu. Jumanne nilipokuwa nafagia, nilikiweka kichupa dirishani kwa muda. Jua likakipata. Nilipokumbuka, malkia na watoto wote kumi na mmoja walikuwa wamekauka. Nilimwambia Baba mwenyewe. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Aligeukia ukutani siku nzima. Nikakaa sakafuni nikalia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na si kwa ajili ya sisimizi peke yao. Siku kumi na tano tu nimemgeuza, nimemwosha, nimemnyoosha mkono, na mgongo wangu umekwisha. Wewe ni mwaka sasa.

Jana mvua ilipokatika nilizunguka uani nimeinama, mpaka jirani yetu Suzana akauliza, "Dada, umepoteza hereni?" Nimepata mmoja, mbawa bado anazo. Sijui kama atataga. Sijui hata kama ni malkia. Baba amemtazama kidogo, akafumba macho.

Jumamosi ijayo usirudi kama tulivyopanga. Kazini nimeomba waniongezee likizo. Wakikataa, nitabaki hivyohivyo. Naandika huku nasinzia, mwandiko wenyewe unauona. Wewe lala.

Dada yako,
Manal