Pete ya Dada Imo Ndani ya Soksi Yangu

Mma Mshauri mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mungu nimemwambia nusu tu: pete ya uchumba ya dada yangu, ile inayotafutwa nyumba nzima tangu Jumapili, mpaka mfuko wa unga ukamwagwa kwenye beseni na kuchekechwa, imo ndani ya soksi yangu ya shule chini ya godoro, na aliyeitia humo ni mimi.

Najua utaniita mwizi. Nisikilize kwanza, tafadhali, kwa sababu hapa nyumbani mimi ni mtu wa kuambiwa "lete maji" na "ondoa sahani", sijazoea kusikilizwa, na maneno yakinijaa kifuani huwa nanyamaza.

Nimemaliza kidato cha tano, ambacho kwetu ndicho cha mwisho, na wakati nasubiri matokeo nafagia na kuosha pete katika karakana ya mama mmoja sonara hapa Mochudi, Mma Gabaake, ambaye alikata almasi kiwandani Gaborone miaka kumi na sita kabla ya kufungua chumba chake mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja pale Otsile, mchumba wa dada yangu Seneo, akavua kofia, akasema, "Shemeji, mimi najua matrekta, pete sizijui. Nichagulie wewe. Mkono wako na wa Seneo ni mmoja." Na ni kweli, sote wawili tumerithi vidole vya bibi, virefu na vyembamba, vyenye fundo kubwa katikati. Nikamwambia nitachagua, ila asimwambie mtu, maana watu wakijua wataniuliza maswali, na mimi nikiulizwa maswali mbele za watu natetemeka mpaka magoti. Akaapa kwa ng'ombe wa baba yake kwamba hatasema.

Mma Gabaake akanivisha pete mbili, moja baada ya nyingine, na bei zake zilikuwa sawasawa. Ya kwanza ilikuwa na jiwe kubwa, limeinuliwa juu kama mtu aliyekalia kiti asichokizoea, na ndani ya jiwe mlikuwa na ukungu kama maji ya sabuni, na kila nilipogeuza mkono pete ililala upande, na nilipovaa sweta ilinasa uzi. Ya pili ilikuwa na jiwe dogo. Akanitoa nje, akanisimamisha kwenye kivuli cha ukuta, akasema, "Taa za dukani ni waongo. Jiwe lililokatwa vizuri halihitaji taa, linawaka hata kivulini." Na liliwaka, Mma. Lilikuwa jeupe kabisa, limekaa chini karibu na kidole, limeshikwa na vikucha vinne vyembamba kama ncha za nyasi, na dhahabu yake ilikuwa nyembamba na inazidi kukonda kadiri inavyolikaribia jiwe, ili macho yafike penyewe bila kusukumwa. Nilipoitazama ile ya kwanza niliona pete. Nilipoitazama ya pili niliona mkono, na nilishangaa kuwa mkono ule ni wangu. Mma Gabaake akasema, "Basi umeshajua. Pete ikiupendeza mkono, imependeza. Ikiushinda mkono, ni mzigo." Tena Seneo ni muuguzi, anavaa glavu kutwa nzima, na jiwe la kupanda juu lingepasua glavu kila siku. Hilo nililifikiria mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Otsile akaileta nyumbani Jumapili moja baada ya chakula. Seneo akaivaa, akaugeuza mkono dirishani, akatabasamu, nami niliona lile tabasamu, naapa niliona. Kisha shangazi yetu, Shangazi Banyana, akauvuta mkono wa Seneo kama mtu anayekagua jino la farasi.

"Hii ndiyo yenyewe au ni ya kujaribia?"

"Ndiyo yenyewe, Shangazi," Otsile akasema.

"Jamani nileteeni miwani. Hapana, acheni miwani, nendeni mkaazime darubini kwa askari wa wanyamapori!" Binamu zangu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kinywaji cha tangawizi. "Kijana, nchi hii nzima imekaa juu ya almasi, wewe umetuletea punje ya mtama? Kuku akipita hapa tumekwisha!"

"Shangazi, ni jiwe zuri sana."

"Zuri la kutazamwa na nani? Na siafu?"

Mimi nilikuwa nimesimama na trei. Otsile akanitazama mara moja tu, kisha akatazama viatu vyake. Angeweza kusema, "Aliyechagua ni huyu hapa." Hakusema, kwa sababu aliapa, nami nilishika trei yangu nikaenda jikoni nikaosha bilauri ambazo zilikuwa safi.

Tangu siku ile Seneo analigeuza jiwe lielekee kiganjani, anafumba ngumi mezani kama mtoto aliyeiba sukari. Shangazi Banyana ameshapatana na mtu mmoja dukani kule mjini kwamba Jumamosi hii wataing'oa almasi, waiweke katikati ya pete nene, waizungushie vipande vya vioo vinavyometameta "ili iwe na sauti". Sauti! Kwani pete ni tarumbeta? Yeye mwenyewe ana pete tatu nene ambazo huzivua akikanda unga, akifua, akisalimia watu wenye mikono migumu, na moja ilikwisha dondosha jiwe lake zamani, limebaki shimo, na bado anaivaa shimo likiwa mbele, halafu yeye ndiye wa kutufundisha uzuri?

Seneo alikubali huku analia. Jumapili hii Otsile akaja kuzungumza naye, wakakaa nje, na Seneo alikuwa ameiacha pete kwenye kisahani cha dirishani kwa sababu alikuwa akiosha vyombo. Nikaiona pale, nikaifikiria koleo ya yule mtu wa mjini, na mkono wangu ukaichukua kabla sijajua. Nilidhani nitaificha mpaka Jumamosi ipite, basi. Sikujua kwamba Otsile akiisha kuondoka Shangazi Banyana angesimama katikati ya sebule na kusema, "Si nilisema? Bahili amekuja kuchukua punje yake kimyakimya!" Sasa Mama anasema kama mambo yenyewe ni hayo, wajomba wa Otsile wasijisumbue kuja mwisho wa mwezi kuposa rasmi, hawatafunguliwa lango. Seneo hali chakula. Otsile amepigiwa simu, akasema neno moja tu, "Sawa," na hajaonekana tena.

Nina hasira, Mma. Nina hasira na Shangazi, na binamu wanaocheka kila anachocheka yeye, na zaidi na huu mdomo wangu. Mtu mwema anaitwa bahili kwa ajili yangu, na sasa anaitwa mwizi kwa ajili yangu. Je, niirudishe dirishani nijifanye imeonekana? Au nimpelekee Mma Gabaake aitunze? Au niseme, na kama ni kusema, mtu kama mimi anasemaje?

Nakuomba kwa unyenyekevu, siri hii usimwambie mtu. Ibaki kati yangu na wewe.

Ni mimi,
Mshika Trei, Mochudi

*

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu Mshika Trei,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukukumbatia, mara ya pili nilitaka kukufinya sikio. Nitafanya yote mawili.

Jicho lako ni zuri. Watu wazima wenye magari makubwa hununua pete miaka nenda rudi wasijue ulichokijua wewe kwa dakika kumi kivulini. Na shangazi yako anajua zaidi ya anavyojidai. Mwulize siku moja: akienda kuchagua ng'ombe, anamnunua kwa ukubwa wa tumbo? Thubutu! Atatazama pembe zilivyokaa kichwani, atatazama mwendo, atatazama rangi ilivyoangukia mgongoni. Ndama mwenye pembe za fahali atamcheka mpaka alie. Basi amevionea wivu vidole vya mpwa wake, au amesahau macho yake zizini. Vyovyote vile, kumfedhehesha kijana wa watu mbele ya sahani yake ni utovu wa adabu, na umri si ruhusa.

Sasa sikio. Wewe mtoto! Umeiokoa pete ukamtosa mwenye pete. Jiwe likivunjika kuna mawe mengine. Jina la Otsile likivunjika, utamnunulia jingine wapi? Amekutunzia kiapo huku anatukanwa, nawe umelala juu ya godoro lenye ushahidi. Aibu yako ni ya kweli, najua, lakini isiwe kubwa kuliko heshima ya mtu mwingine.

Kuirudisha dirishani usithubutu. Ikionekana pale, watasema ameirudisha yeye baada ya kugundulika. Mma Gabaake naye usimtwike, ana kazi zake.

Leo hii, kabla hujafagia popote, toa soksi. Ioshe pete kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini, na usugue upande wa nyuma wa jiwe, maana mafuta ya mikono hukaa huko na kulipofusha. Wewe unaosha pete kila siku, hilo unalijua. Mwite Seneo peke yake nyuma ya nyumba, penye kivuli. Una sentensi moja tu ya kusema: "Aliyechagua ni mimi, na aliyeficha ni mimi." Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, magoti nayo yana haki yao. Kisha mvishe pete, juu yake mvishe glavu ya kazini kwake, akunje ngumi na kuikunjua. Usieleze zaidi. Mkono utasema.

Baada ya hapo uamuzi ni wa Seneo, si wako. Kama akishajua yote bado anataka kubwa, ni kidole chake, nawe utameza mate. Ila mimi naliamini lile tabasamu la dirishani. Na Otsile, kama unasoma haya: siku nyingine mwulize mwenye kidole, si mwenye kidole kinachofanana.

Halafu Seneo ampigie simu mchumba wake, na simu uichukue wewe, umwombe radhi, umfungue kiapo chake. Na Ijumaa, Shangazi Banyana na binamu wakikusanyika, utaingia na trei kama kawaida. Itue mezani. Usiishike tena mpaka uwe umeirudia ile sentensi mbele yao, na mbele ya mama yako, ili lango lifunguliwe mwisho wa mwezi.

Kuhusu siri: uliniomba nisimwambie mtu, nami ninaandika gazetini. Majina yote nimeyabadilisha, mji pia, na zile pete tatu huenda ni nne. Lakini Mochudi au si Mochudi, watu wetu wanajuana. Kwa hiyo ninyi wasomaji mnaoijua nyumba hii, mliokwisha kumtambua shangazi kwa shimo la pete yake, nawaomba kama alivyoniomba binti: fungeni midomo mpaka Ijumaa ipite. Neno hili lina mwenyewe, naye ndiyo kwanza anajifunza kulisema. Msimtangulie.