Chumba cha Karibu na Ngazi

Jumatatu, 12 Januari

Gauni la bi harusi wa Vigwaza bado halina mikono. Nassoro kamwaga kopo zima la vifungo, kisha kapanda juu ya cherehani kutafuta vingine. Hajafika miaka miwili, na hakuna kitu nyumba hii ambacho hajakipanda. Kabati la vyombo. Pipa la maji. Mgongo wa bibi yake akiwa kwenye sijida. Nimechoka mimi.

Mchana Idrisa kapiga simu kutoka melini. Ruhusa imetoka! Kampuni yao inamwachia mfanyakazi alete mke na mtoto safari moja kwa kila mkataba, na ile meli yao ya watalii inapakia abiria Dar mwanzo wa mwezi ujao. Ngazija, visiwa vya Bukini kule Madagaska, Unguja, na kurudi. Wiki nzima juu ya maji. Mimi, fundi cherehani wa Nianjema, Bagamoyo, ambaye mbali nilikofika baharini ni kukanyaga matope maji yakitoka! Nilikaa chini sakafuni, pini bado mdomoni.

Nikampa mtoto simu aongee na baba yake. Akaibusu, akanirudishia. Nikamwuliza, baba yuko wapi? Akanyoosha kidole mlangoni, kwenye makubazi.

Ndiyo hivyo. Mume akisafiri, viatu vyake unaviacha mlangoni, anayepita ajue nyumba ina mwenyewe. Mama mkwe alifanya hivyo enzi zake, na mimi nafanya. Kila asubuhi nayapangusa vumbi makubazi ya Idrisa na kuyapanga. Tulikuwa tunamwambia mtoto, "haya ya baba." Yeye kashika kwamba baba ndiyo makubazi. Idrisa aliondoka mtoto hajakaza shingo. Siogopi bahari. Naogopa siku watakapoonana.

Jumatano, 14 Januari

Picha za vyumba zimefika. Idrisa anataka nichague mwenyewe. Vya aina tatu. Cha ndani hakina dirisha, ukizima taa huoni hata kiganja chako. Cha pili kina dirisha kubwa la kioo, halifunguki. Cha tatu kina roshani. Mlango wa kioo, viti viwili, na bahari yote mbele yako.

Mama mkwe kaitazama picha ya kwanza. "Mwanangu, chumba hakina dirisha, hilo si kaburi? Utamlaza mjukuu wangu kaburini?" Kaitazama ya tatu, kaguna. "Na hapo utakuja kumvua kwa ndoana." Akarudi kuchuja tui lake. Msaada wa mama mkwe ndio huo.

Mimi naitaka roshani. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Naitaka kweli kweli. Nimeitazama ile picha mpaka simu ikaisha chaji.

Ijumaa, 16 Januari

Nimefanya jaribio. Nimeweka kiti cha plastiki kando ya ukuta wa kibaraza, ule unaonifika kifuani. Nikageuka kumimina chai. Chai tu! Kugeuka tena, Nassoro yuko juu ya ukuta kalalia tumbo, anawapungia mkono kuku wa jirani.

Basi. Roshani kwaheri. Nimelia, tena kwa kwikwi, kwa ajili ya viti viwili ambavyo sijawahi kuvikalia.

Cha ndani kingefaa, maana huyu mtoto halali mchana bila giza. Lakini neno la kaburi limeniingia, halitoki. Nimeuliza, chenye dirisha kina pazia zito. Kitakuwa hicho.

Jumapili, 18 Januari

Kumbe kuchagua dirisha ni mwanzo tu. Idrisa katuma ramani ya meli na maelezo ya sauti marefu kama hotuba. Chukua katikati, tena chini, huko haiyumbi sana na mtoto hatatapika. Mbele kabisa unarushwa. Chini ya ukumbi wa muziki hulali. Kitanda cha mtoto kikiingia, hakikisha mlango wa bafu bado unafunguka. Na bafu lenyewe ni bomba la juu tu. Nitabeba beseni langu.

Nikaona chumba kimoja cha katikati, ubavuni mwa mlango mdogo. Nikauliza, mlango wa nini huu? Akasema ni wa ngazi za wafanyakazi, zinashuka mpaka kwao dobi, anakofua mashuka ya meli nzima. "Usikichukue hicho, mama Nassoro. Mikokoteni inagonga huko kutwa. Abiria wote wanakikimbia."

Nikakichukua hicho hicho. Mapumziko yake ni mafupi, na kulala analala huko chini na wenzake. Akipanda ngazi tu, yuko mlangoni kwetu, na mtoto ataizoea sura yake kidogo kidogo. Nisipofanya hivyo watarudi kuagana bado ni wageni, na mkataba bado mrefu. Nikamwambia yote hayo. Akasema, "Haya." Namjua Idrisa. Yeye hulia kwa kusema haya.

Jumapili, 1 Februari

Beseni, unga wa uji, nepi, kanga, dawa ya homa. Kamba ya kufungia makabati, maana namjua mwanangu. Pasipoti nimezitazama mpaka nimechoka nazo.

Nassoro kalikumbatia kubazi la kushoto tangu asubuhi. Ukilishika, mtaa mzima unasikia. Mama mkwe kaliokota la kulia, kalitia kwenye begi. Nikasema, mama, mlango utabaki mtupu. "Si mwenyewe unamfuata? Yaende." Nilimpa shikamoo yake ya kuagana, akaitikia marahaba huku anafunga zipu, hataki nimwone macho.

Jumatatu, 2 Februari

Subhanallah. Sina neno lingine.

Bandarini nilikuwa naitafuta meli, kumbe lile jengo jeupe nililodhani hoteli ndilo lenyewe. Lina lifti. Lina bustani yenye miti ya kweli. Kuna mtu anapiga kinanda na hakuna anayemsikiliza. Nilishika ukuta nikitembea, si kwa kuyumba, kwa ushamba.

Chumba kidogo, kisafi. Kitanda cha mtoto kimeenea na mlango wa bafu unafunguka. Makubazi nikayapanga nje ya mlango, vidole vikitazama njia, kama nyumbani. Hata sikufikiri.

Idrisa akapanda ngazi mbio. Sare nyeupe, kakonda, mikono ina harufu ya sabuni. Nikamshika ile mikono, sikuiachia. Kisha akapiga magoti, akamfungulia mtoto mikono.

Nassoro kapiga ukelele kama kaona nyoka. Kaingia ndani ya baibui langu, hakutoka mpaka baba yake alipoondoka. Idrisa kacheka, kasema mtoto kachoka na safari. Kicheko kile sikukipenda. Honi ya meli ikalia, nikaisikia mpaka kwenye mbavu, na sikuweza hata kuifurahia.

Jumanne, 3 Februari

Nimeswali, nimefungua pazia. Hakuna pwani.

Sijui niandikeje. Maji ya kwetu Bagamoyo yana rangi ya chai ya maziwa, mto Ruvu unayachafua, na hata yakijaa daima kuna mtu, kuna mti, kuna mbwa. Hapa hakuna. Buluu iliyoiva hadi inataka kuwa nyeusi, pande zote, na inapumua. Nikasema Allahu Akbar kwa sauti, nikamwamsha mtoto. Kabandika viganja kiooni, kanyamaza. Nassoro, kunyamaza! Tukakaa hivyo, magoti kitandani, hadi kioo kikajaa alama za vidole na mate. Bahari yote hii ilikuwepo siku zote, mwendo mfupi kutoka kwenye cherehani yangu.

Nikafungua mlango. Makubazi hayapo.

Mhudumu wa vyumba ni kijana wa Kifilipino, mpole. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na mikono yetu minne nimeelewa. Hakuna kinachoachwa ukumbini, watu watajikwaa, wanaosafisha huzoa kila kitu. Kinapelekwa wapi? Atauliza. Mjinga mimi! Nani kaniambia huu ni uchochoro wa Nianjema?

Nassoro akawa anazunguka pale mlangoni, anatafuta sakafuni. "Baba? Baba?" Analia sasa. Na Idrisa kasimama nyuma yake, kaja mapumziko, anaitwa na haonekani. Ule uso wake sitausahau.

Ikabidi nimweleze. Hakujua kwamba kwa mtoto makubazi ndiyo baba, alijua tu kaacha viatu vikuukuu. "Ni yale niliyoyashona kwa uzi wa buluu?" Ndiyo. Akashuka ngazi bila kuaga.

Jumatano, 4 Februari

Ngazija imejaa dirisha zima. Mlima unatoka baharini moja kwa moja, kilele kimevaa wingu. Nimemnyanyua Nassoro aone. Mungu fundi.

Idrisa kaja kila mapumziko. Kaja na biskuti. Kaja na taulo alilolikunja likawa tembo, kazi nzuri kweli. Mtoto kachukua tembo, kageukia ukutani. Makubazi baba yake hajayaona, kauliza jikoni, kauliza kwa wasafishaji, hakuna anayejua.

Safari ya mwisho hakuingia. Alikaa chini nje ya mlango, mgongo ukutani, mikokoteni inampita. Akasema, "Pengine kesho nisije. Namtisha bure."

Nina hasira. Mtoto hana kosa. Naukasirikia mkataba, naikasirikia simu iliyotudanganya kwamba tunaonana. Na hiki chumba changu cha akili nyingi! Mlango wa ngazi unagonga tangu alfajiri, na anayepita humo hana wa kumpokea. Bora ningechukua chochote, popote, nikalala.

Alhamisi, 5 Februari

Hili lazima niliandike leo leo.

Sikutegemea aje. Nilikuwa namlisha Nassoro uji sakafuni, mlango nimeuegemeza na beseni tupate hewa. Mlango mdogo ukafunguka. Nikasikia pwata, pwata. Mtoto kainua kichwa, uji kidevuni. Ule mlio anaujua, yeye mwenyewe huyaburuta kutwa nyumbani.

Idrisa. Sare nyeupe, na chini makubazi. Ni marufuku kabisa, viatu vya wazi ukumbi wa abiria. Alikuwa ameyakuta huko huko chini, kwenye rafu ya vitu vilivyookotwa, nyuma ya kofia za wazungu. Rafu yenyewe iko mlango wa dobi, amekuwa akiipita na mizigo ya mataulo.

Safari hii hakupiga magoti wala kufungua mikono. Alisimama tu.

Nassoro akamwendea. Akachuchumaa. Akagusa ukanda wenye uzi wa buluu. Akagusa kidole gumba, akakibonyeza. Kidole kikacheza. Akarudisha mkono haraka, akakifikiria, akakibonyeza tena. Kikacheza tena. Ndipo akaanza kupanda na macho, taratibu. Magoti. Vifungo. Kidevu.

"Baba," akasema.

Kisha akafanya anachokifanyia kila kitu. Mguu mmoja juu ya kubazi, mkono kwenye mfuko wa suruali, akaanza kumpanda. Alimpanda kama lile pipa la maji, kwa kuguna, akafika shingoni, akampaka uji sikio lote.

"Haya," Idrisa akasema. "Haya. Haya. Haya."

Nyuma yao dirisha limejaa maji, buluu mpaka mwisho wa kuona. Nimeiona ile bahari na nimewaona hao wawili mbele yake, na sikujua nishangae kipi.

Jumatano, 11 Februari

Nyumbani tangu juzi. Gauni la Vigwaza limechukuliwa, limekuja jingine la Miono, kitambaa kigumu. Sakafu bado inayumba nikifumba macho. Mama mkwe anataka kusikia habari za mlima wa Ngazija kila siku, na kila siku hasadiki.

Idrisa amebaki na mkataba wake. Makubazi alinirudishia. Asubuhi nimeyapangusa, nimeyapanga mlangoni.

Nikamwuliza Nassoro, baba yuko wapi? Kayatazama makubazi. Kayaruka. Katoka hadi uani, kasimama, kanyoosha kidole upande wa bahari. Haionekani kutoka kwetu, nyumba za watu zimeziba. Kanyoosha tu, mkono umenyooka.

Kisha karudi ndani kudai uji.